Watoto wa awali wanaimba 1 hadi 20 lakini vizibo saba vinawashinda. Nianzie wapi?

Mwl_Makorora

Habari za kazi, walimu wenzangu. Nina darasa la awali hapa Tanga mjini, watoto 42, wengi wana miaka mitano. Wote wanaimba moja hadi ishirini bila kukwama. Lakini nikimwambia mmoja "nipe vizibo saba", anajaza viganja na kuniletea vyote. Nikimpangia vitano anahesabu vizuri mpaka tano, ila nikiuliza "kwa hiyo viko vingapi?" anaanza upya: moja, mbili, tatu...

Naomba shughuli za kushika kwa mkono, zisizohitaji kununua vitu. Nina vizibo, maboksi, chaki na sakafu ya saruji. Na kwa darasa kubwa hivi nigawe vipi?

Awali_Ngamiani

Mwalimu, kuimba namba na kuhesabu vitu ni kazi mbili tofauti. Hao wa kwako wameshapata ya kwanza. Kabla ya shughuli yoyote jua kila mtoto amefika wapi, maana darasa moja lina watoto wa ngazi nne au tano.

Weka rundo la vizibo kama 15 na sahani tupu. Mwambie: "Weka viwili kwenye sahani." Akipatia, omba vitatu, kisha vinne. Akikosea, shuka kwa kimoja, halafu jaribu tena. Namba kubwa anayoipatia mara mbili katika tatu ndiyo ngazi yake. Ni kazi ya dakika mbili tatu kwa mtoto, fanya na wachache kila siku wenzao wakiwa nje. Mtoto anayeishia viwili usimpeleke saba. Mpeleke vitatu. Watoto hupanda hatua kwa hatua, moja, mbili, tatu, pengine nne, halafu mlango unafunguka na namba zote anazojua kuzitaja zinakuwa na maana. Ukimrukisha, atarudi kujaza viganja.

Kwenye kuhesabu kwenyewe, chora mstari wa chaki sakafuni. Vizibo vyote vikae upande wa kushoto, na kila anachokihesabu akisukume kivuke mstari. Kunyoosha kidole tu hakutoshi: kimoja kitahesabiwa mara mbili, kingine kitarukwa, naye hana alama ya kumwonyesha alipofikia. Angalia pia mdomo usikimbie mbele ya mkono. Wapo wanaosukuma kizibo kwa kila silabi, "sa" kimoja, "ba" cha pili. Huyo mshike mkono taratibu, neno zima liishe ndipo kizibo kivuke.

Hilo la kuanza upya ukiuliza "vingapi" lina dawa yake. Taja jumla kwanza: "Hapa pana vizibo vinne." Kisha hesabuni pamoja, na ukifika nne zungusha mkono juu ya fungu lote, useme "vinne". Akijibu "nne" badala ya "vinne" usimkatize, amepatia hesabu. Wewe itikia tu, "Naam, vizibo vinne."

Zana_za_Darasa

Naongeza kuhusu wingi. Huhitaji seti 42. Gawa mafungu manne ya watoto kumi kumi na moja. Fungu moja likae na wewe dakika 15, matatu yafanye kazi wanazozijua tayari: kupanga vizibo kwa rangi, kuchora kwenye mchanga, kutunga shanga. Kisha badilishana. Kazi mpya usiipeleke kamwe kwenye fungu lisilo na mwalimu, wataishia kurushiana vizibo. Fungu lako likikaa wawili wawili, seti sita zinatosha.

Fremu ya kumi, yaani kibao cha nafasi kumi kwa safu mbili za tano tano: chukua trei la karatasi la mayai 30. Lina safu sita za mashimo matano. Likate kila baada ya safu mbili, unapata vipande vitatu vya mashimo kumi. Matrei mawili yanakupa fremu sita. Kila jozi ipe vizibo 12, si 10, ili kusimama penye namba uliyotaja kuwe ni uamuzi wa mtoto mwenyewe. Ukiwapa 10 kamili watajaza tu mpaka viishe.

Sheria ni moja: safu ya juu ijae kwanza, kutoka kushoto, ndipo chini. Hapo saba inaonekana kuwa tano na mbili, na mashimo matatu matupu yanaonyesha kilichobaki kufika kumi. Wakitawanya hovyo, fremu haina faida.

Mama_Muheza

Nakubali fremu, ila sikubali trei lililokwisha kubeba mayai. Lina mabaki ya kinyesi cha kuku, haliwezi kuoshwa kwa kuwa ni karatasi, na watoto hawa mikono inaishia mdomoni. Chora kwenye boksi: miraba ya sentimita 5, mitano kwa miwili, yaani kipande cha 25 kwa 10. Boksi moja la sabuni linatoa kadhaa.

Vizibo vya bati navyo vina meno makali, tumia vya plastiki vya chupa za maji. Vioshe kwa sabuni. Ni vyepesi, kwa hiyo feni izimwe, na upepo wa bahari ukianza mchana funga dirisha la upande huo.

Maharage na mahindi mtoto anaweza kuyasukuma puani, na harage likiloana linavimba. Komwe za bao ni kubwa kidogo, zinafaa kwa wa miaka mitano wakiwa na mtu mzima, si kwa wadogo wao. Mbegu za mnyonyo na zile ndogo nyekundu zenye doa jeusi zisiingie darasani kabisa, zina sumu kali.

Msimu wa machungwa ukifika, yatumie. Watoto wa Tanga wameshayaona yamepangwa mafungu sokoni. Waambie wapange mafungu ya matano matano, kisha uliza "mafungu mangapi, machungwa mangapi?" Chungwa halipotei chini ya dawati na halimezwi.

Mwl_Makorora

Asanteni sana. Vizibo vya plastiki ninavyo vingi. Sasa, namba zenyewe zilizoandikwa niziingize lini? Na wale wanaosema nane ni kubwa kuliko tisa?

Awali_Ngamiani

Alama ziingie pamoja na vitu, moja hadi tano kwanza. Kwa hao wa nane na tisa tumia njia ya miraba. Chora sakafuni miraba kumi kwa mstari ulionyooka, kila mmoja sentimita 30, jumla mita 3. Andika 1 hadi 10 kutoka kushoto kwenda kulia. Usiipinde kuwa duara. Watafiti Ramani na Siegler walipoijaribu Marekani mwaka 2008, vipindi vinne vya dakika 15 hadi 20 katika wiki mbili vilitosha kuwainua watoto wa familia maskini katika kulinganisha namba, na walipoifanya duara baadaye faida haikuwa ile.

Kete ni kizibo: nje tia nukta moja, ndani mbili. Mtoto anarusha, anaruka, anataja namba ya mraba anaoukanyaga. Akiwa kwenye 3 akapata mbili, aseme "nne, tano". Wengi watasema "moja, mbili". Hapo msimamishe, mrudishe 3, aangalie chini aisome. Mchezo wote uko hapo, ukiliacha hilo anabaki anaruka tu. Wanaosubiri zamu wataje naye kwa sauti.

Zana_za_Darasa

Wakishashika vitano, ingiza kifuu cha nazi. Hesabuni vizibo vitano, vifunike, toa viwili wakiviona. "Ndani vimebaki vingapi?" Mtoto ataje kwanza, ndipo kifuu kifunuliwe. Kisuguliwe kingo kwa msasa, na kiwe kisicho na tundu, la sivyo watachungulia. Anza na vitatu kwa wale wa ngazi ya chini. Akikosea usimwambie jibu: mpe vizibo vingine vitano mkononi, aitengeneze hali ileile mbele yake, aone.

Mwl_Makorora

Jumatatu naanza na sahani na vizibo 15. Kifuu nitasubiri mpaka nijue nani yuko ngazi ipi. Nitaleta majibu ya kila fungu hapa.