re.split inakata vipande vitatu tu, vingine inaviacha

mhazini_kikoba
Wakuu, habari za kazi. Michango ya kikoba chetu natumiwa kwa meseji, kila mtu na mtindo wake. Kuna wanaotenga majina kwa koma, kuna wa nukta mkato, na kuna mama mmoja ambaye kwake ni "NA" tu, tena herufi kubwa. Nimeandika kaskripti ka Python kanakokata meseji kwenye vitenganishi kwa re.split:

```
s = "Asha 5,000, Juma 10,000; Regina 2,500 NA Nasra 5,000 na Mwanaidi 20,000"
re.split(r",\s+|;\s*|\s+na\s+", s, re.I)
```

Asha na Juma wanatoka vizuri. Kuanzia Regina mpaka Mwanaidi wanabaki wamegandana. Nikiondoa re.I (ya kutojali herufi kubwa au ndogo), Mwanaidi anatoka ila Regina na Nasra bado wameshikana. Kosa halionyeshwi popote!

pwani_dev
Zungushia mabano: `(,\s+|;\s*|\s+na\s+)`. Kwangu huwa inasaidia.

fundi_skripti
Hapana mkuu, mabano hayo yatamwongezea kazi. Ukiweka mabano ya kawaida, re.split inakurudishia na vitenganishi vyenyewe ndani ya listi. Atapata Asha, koma, Juma, nukta mkato. Kama ni kukusanya pamoja tu, tumia `(?:...)`.

Mhazini, ruwaza yako (hiyo rejeksi ya kutafuta vitenganishi) haina shida. Nafasi ya tatu kwenye re.split si ya flags (swichi kama re.I), ni ya maxsplit, yaani ikate mara ngapi. Na re.I kwa ndani ni namba 2. Kwa hiyo umeiambia ikate mara mbili basi, nayo imetii. Andika jina:

```
re.split(r"\s*[,;](?!\d)\s*|\s+na\s+", s, flags=re.I)
```

Bora ilikuwa re.I, umeshtuka mapema. Ingekuwa flag nyingine, re.M, ambayo ni 8, ungepata hadi vipande tisa, na kikoba cha watu sita usingegundua kitu. Kuanzia Python 3.13 ukiiweka hivyo bila jina unapewa DeprecationWarning, yaani onyo kwamba mtindo huo umepitwa na wakati. Wamechelewa, lakini afadhali.

Hiyo `(?!\d)` maana yake koma isifuatwe na tarakimu, ili 5,000 isipasuke hata mtu asipoacha nafasi baada ya koma. Na hizo `\s+` (nafasi moja au zaidi) pande zote mbili za "na" usiziguse: bila hizo Regina anabaki Regi, Nasra anakuwa sra, Mwanaidi anapasuliwa Mwa na idi.

mhazini_kikoba
Wote watano wametoka, ubarikiwe mkuu. Sasa jina na hela navitenganishaje? Kuna "Bi Mwanaidi 20,000", nikikata kwenye nafasi napata vipande vitatu. Na wengine wanamalizia na /=.

fundi_skripti
Hapo rejeksi ya nini? Kata kila kipande (x) kutoka nyuma, mara moja:

```
jina, hela = x.rsplit(None, 1)
kiasi = int(re.sub(r"\D", "", hela))
```

`\D` ni chochote kisicho tarakimu, kwa hiyo koma na /= vyote vinaondoka. Meseji ikiishia na nukta mkato utapata kipande kitupu mwishoni na mstari wa rsplit utagoma, kwa hiyo weka `if x` kabla.

pwani_dev
Angalieni tu asitokee wa kuandika 5,000.00. Hiyo `\D` inafuta na nukta, mtamwandikia laki tano.

mhazini_kikoba
Yupo. Ni mwenyekiti.