Naomba ushauri: muziki wa "Vertigo" katika filamu yangu fupi

Mwanasinema_Tanga: Wanajukwaa, salamu. Nina filamu fupi ya mapenzi yenye taharuki, na kwa tukio la mwisho sijapata muziki unaofaa kuliko ule wa mapenzi ambao Bernard Herrmann aliitungia filamu ya "Vertigo" ya Hitchcock mwaka 1958. Kibali chake huombwa wapi?

Bi_Mtazamaji: Muziki ule una historia. Wanamuziki wa Marekani walikuwa wamegoma, ukaanza kurekodiwa London. Wa London nao walipogoma kuwaunga mkono wenzao, kazi ikamaliziwa Vienna chini ya kiongozi wa okestra Muir Mathieson. Marehemu baba yangu aliupenda sana.

Kalamu_Nyeupe: Ndugu, utunzi una kibali chake na rekodi ina chake. Lakini filamu imefikia wapi?

Mwanasinema_Tanga: Imekwisha kuhaririwa, muziki umo, na nimeshaituma kwenye tamasha. Msinihukumu: "The Artist" ya mwaka 2011 iliutumia muziki huohuo na ikapata Oscar ya filamu bora. Katika tukio langu mwanamke anatoka bafuni amevaa nguo za marehemu, taa ya kijani inammulika kutoka dirishani, na hakuna anayesema neno. Bila muziki ule tukio linakufa.

Kalamu_Nyeupe: Wale wa "The Artist" walikuwa na kibali, na bado Kim Novak, nyota wa "Vertigo", alilalamika hadharani.

Mzee_wa_Fidla: Kijana, cha mtu ni cha mtu. Nimepiga fidla katika taarab tangu ujana wangu, na nyimbo zetu zimechukuliwa bila hata kuombwa radhi.

Msomaji_Makini: Mimi nina shaka. Bafu, nguo za marehemu, taa ya kijani: huyo ni Judy wa "Vertigo" katika Hoteli ya Empire, San Francisco. Nadhani filamu haipo, na mwenzetu anatafuta majibu ya insha ya chuo.

Mwanasinema_Tanga: Ipo. Taa ni ya duka la dawa lililo ng'ambo ya nyumba ya wageni tulimopigia picha. Mwigizaji amevaa kanga ya marehemu dada wa mhusika wake, pindo likanaswa na bawaba ya mlango, akalinasua polepole bila kuniangalia, nami sikukata.

Mzee_wa_Fidla: Hapo umenigusa. Herrmann mwenyewe alipita njia ya mtunzi Wagner wa opera ya "Tristan und Isolde", lakini nota zilikuwa zake. Kanga hiyo inataka fidla moja tu, ipigwe taratibu. Nitumie picha bila sauti.

Mwanasinema_Tanga: Shikamoo, mzee, na ahsante. Hata hivyo, naona nisubiri kwanza jibu la tamasha.

Kalamu_Nyeupe: Usisubiri. Waandikie leo uombe kubadilisha nakala, kabla hawajaipangia siku ya kuonyeshwa.