Tibia (mfupa wa ugoko) haijaunga miezi 9: uboho au mfupa wa nyonga?

Swali (Goma): Waganga wenzangu, motari (dereva wa pikipiki) wa miaka 34, tibia ina msumari wa chuma ndani yake, pengo milimita 4. Kidonda kilifunga zamani. Nichome uboho tu, ao nipandikize mfupa?

Jibu: Kwanza tafuta usaha uliojificha, ndugu. Pima CRP (kipimo cha damu kinachoonyesha uvimbe mwilini), simamisha antibiotiki wiki 2, kisha kata vipande 5 vya nyama pale palipovunjika, vioteshwe maabara. Ukipandikiza juu ya vijidudu, unatupa mfupa mzuri.

Jibu: Docta, uboho vuta mililita 2–4 tu, kisha sogeza sindano. Ukivuta 20 mahali pamoja inakuja damu tupu, seli za kujenga mfupa ni chache. Bila mashine ya kuzungusha uboho ili kukusanya seli hizo, ningechukua mfupa laini wa nyonga. Kwangua ncha za mfupa uliovunjika mpaka vitone vyekundu vichuruzike; mfupa mweupe mkavu haupokei kitu.

Jibu (Bukavu): Na kama msumari unacheza, badilisha kwa mnene zaidi; uboho hautulizi mfupa unaotikisika. Pengo likizidi sentimita 5, njia ya Masquelet: jaza pengo kwa saruji ya mfupa wiki 6–8, kisha uitoe, utando uliojijenga uuache, ujaze mfupa ndani. Sigara aache leo.