Mimba ya kwanza, wiki ya 32: tuandae nini kabla ya siku ya leba?

Fundi wa Mjimwema:
Wakuu, habari zenu. Mke wangu yuko wiki ya 32, mimba ya kwanza. Kliniki anahudhuria zahanati ya huku Kigamboni, na nesi kamwandikia kwenye kadi ajifungulie hospitali kwa sababu kimo chake ni sentimita 147. Orodha ya vifaa tuliyopewa ni fupi: pamba, glavu, wembe, mpira, kanga. Haisemi ngapi wala za aina gani, na kila shangazi ana orodha yake. Wanaoijua leba naomba msaada: tununue nini hasa, tuondoke nyumbani uchungu ukifikia wapi, na ndugu anayebaki naye hospitali afanye nini? Usafiri tulionao ni bajaji ya jirani.

Mkunga wa Zamu:
Kaka, begi ndilo jambo jepesi kuliko yote. Anza na kadi.

Fungua kadi ya kliniki leo uangalie kama yamejazwa haya: kundi la damu pamoja na Rhesus (ile alama ya chanya au hasi), wingi wa damu, VVU, kaswende, shinikizo, mkojo. Rhesus ikiwa hasi na mtoto akazaliwa na Rhesus chanya, mama anahitaji sindano ya anti-D, inayokinga mimba zijazo, ndani ya saa 72. Sindano hiyo si kila famasi inayo, na bei yake inauma. Ulizia sasa, usingoje mtoto azaliwe ndipo uanze kuzunguka mjini.

Wingi wa damu aurudie wiki ya 36. Chini ya 11 (gramu kwa desilita) ni upungufu. Vidonge vya kuongeza damu ameze kwa maji au juisi ya chungwa. Akimeza na chai ya rangi, chai inazuia madini ya chuma yasifyonzwe. Mama anayeingia leba na damu 8 hana akiba. Damu ambayo mwenzake akiipoteza anainuka na kunywa uji, yeye inamlaza.

Kuhusu kimo: chini ya sentimita 150 haina maana kwamba lazima apasuliwe. Wapo wengi wafupi wanaojifungua kawaida. Wasiwasi ni kwamba nyonga inaweza kuwa nyembamba na mtoto akakwama, na akikwama awe tayari mahali penye chumba cha upasuaji na benki ya damu. Kwa hiyo tafuta watu wawili wenye afya walio tayari kuchangia damu, simu zao ziwe wazi hata usiku. Mwambie pia mkeo kwamba fomu ya upasuaji anaweza kuisaini mwenyewe. Dakika nyingi hupotea watu wakimsubiri mume aliye safarini.

Kuondoka: kwa mimba ya kwanza, uchungu ukija kila dakika 5, kila mmoja ukadumu kama dakika 1, na ukaenda hivyo saa nzima, safari. Siku hizi leba kamili inahesabiwa kuanzia mlango wa kizazi ukifunguka sentimita 5, hivyo mkifika na sentimita 2 msishangae kuambiwa mtembeetembee kwanza. Ute mzito wenye michirizi ya damu si dharura, unaweza kutoka hata siku kadhaa kabla.

Yafuatayo hayasubiri dakika 5 wala saa nzima: chupa ikipasuka, hata kama hakuna uchungu (tazama saa na rangi ya maji, mtaulizwa, ya kijani au kahawia maana yake mtoto amejisaidia tumboni), damu mbichi inayotiririka, mtoto kupunguza kucheza, kichwa kuuma sana, kuona maluweluwe, uso kuvimba. Hayo ya mwisho ni dalili za kuelekea kifafa cha mimba, na shinikizo la 140 kwa 90 au zaidi linatosha kumpeleka hata kama anajisikia mzima.

Na dawa za kienyeji za kuongeza uchungu, hata akizileta mama mkwe, hapana. Zinabana mfuko wa uzazi bila kipimo. Mtoto anakosa hewa, na kwa mwenye nyonga nyembamba mfuko unaweza kupasuka.

Dawa Baridi:
Nijibu upande wa vifaa, maana huko ndiko watu wanakonunua vitu visivyo.

Glavu: nunua zile za upasuaji, zilizofungwa jozi moja moja kwenye karatasi na kuandikwa kwamba zimetakaswa. Saizi 7 au 7 na nusu. Jozi 5 zinatosha. Boksi la glavu za kawaida ni rahisi kidogo, ila zile ni za kupimia tu. Kuzalisha na kushona njia hazifai. Kabla hujalipa soma tarehe ya mwisho wa matumizi na ubonyeze karatasi: iliyotoboka au yenye alama ya kulowa, rudisha.

Pamba roli moja ya gramu 500. Vibana kitovu 2, kimoja kikidondoka chini hakitumiki tena. Nyembe mpya 2 zikiwa kwenye karatasi yake. Mpira wa kulalia, wanaouita makintoshi, mita 1 na nusu. Usikubali karatasi ya nailoni ya kufunikia meza, inateleza na kuchanika. Pedi za wazazi paketi 2. Zile ndogo za mwezini hazihimili siku za mwanzo. Bomba za sindano chukua 2 au 3.

Oksitosini, sindano ya kuzuia damu kutoka nyingi, usiinunue ukaiweka kwenye begi. Inatakiwa ikae kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Wiki tano kabatini kwa joto la Dar, itakuwa imepungua nguvu na hakuna atakayejua. Mkiambiwa hospitali imeisha, inunuliwe siku hiyohiyo kutoka kwenye friji ya famasi.

Kisera kujifungua hospitali ya serikali ni bure, lakini stoo huishiwa, kwa hiyo tenga pesa taslimu ya dharura. Usiku wa manane mtandao wa simu ukigoma hutaki kubishana na mwenye famasi.

Shangazi wa Temeke:
Mwanangu, kanga. Doti 4, yaani vipande 8, na ziwe zilizokwisha tumika. Mpya hainyonyi maji. Fua, anika juani, piga pasi ya moto pande zote mbili. Kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi kambani, na funza wake huingia kwenye ngozi ya mtoto; pasi ndiyo inayoyaua. Vipande viwili vitenge kwenye mfuko peke yake, juu kabisa ya begi: cha kwanza cha kumkausha mtoto, cha pili cha kumfunika. Hicho cha kwanza kikilowa kinaondolewa, hafungwi nacho. Kofia na soksi hapohapo. Mtoto mbichi hupoteza joto upesi hata Dar, na pazuri pa kumpasha ni kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi.

Mama: madera 2 ya kufunguka mbele, kandambili, sabuni, beseni, kikombe, chupa ya chai. Nguo za mtoto pea 3 zinatosha. Kabati zima la nini?

Ndugu anayebaki awe mmoja anayejua kazi, si kundi la watu saba pale getini. Mama akiwa kwenye uchungu apewe chai ya sukari, uji mwepesi, tende, mpaka daktari aseme asile kwa ajili ya upasuaji. Hapo hata uji akome. Amkumbushe kukojoa kila baada ya saa mbili, kabla na baada ya kujifungua. Kibofu kikijaa, mfuko wa uzazi haujikazi na damu inaendelea kutoka.

Damu yenyewe iangaliwe. Pedi ikilowa chepechepe ndani ya saa moja, aitwe nesi. Kanga iliyolowa isikimbizwe kufuliwa kwa aibu, nesi aione kwanza. Kule Kigoma wakunga wa jadi walifundishwa kupimia kwa kanga: mbili zilizolowa ni kama nusu lita, na hapo ni hatari.

Mtoto anyonye ndani ya saa ya kwanza. Yale maziwa ya njano ndiyo yenyewe, hayakamuliwi yakamwagwa. Asipewe maji, glukosi wala asali. Kuogeshwa kusubiri saa 24. Kitovu kiachwe kikavu, bila mafuta, majivu wala dawa ya meno.

Na bibi akija na maji yake ya moto ya kukanda: aliyepasuliwa hakandwi tumbo. Aliyeshonwa njia anatosheka na maji safi ya vuguvugu ya kujisafishia.

Fundi wa Mjimwema:
Nashukuru sana. Kadi nimeiangalia: Rhesus chanya, damu 10.4, tunarudia kama mlivyosema. Yamebaki mawili. Bajaji ikishindikana usiku, au tukipewa rufaa kwenda ng'ambo ya maji, upande wa mjini, inakuwaje? Na karatasi za mtoto tunaanzia wapi?

Mkunga wa Zamu:
Dharura piga 115, ni bure. Ni mfumo wa m-mama, wa usafiri wa wajawazito, waliotoka kujifungua na watoto wachanga; pasipo na gari la wagonjwa hutumwa dereva wa eneo lenu aliyesajiliwa. Eleza wiki za mimba, tatizo, na alama ya karibu ya barabarani. Hospitali ikitoa rufaa, yenyewe ndiyo inapanga gari. Mkilazimika kujipeleka ng'ambo kwa gari binafsi, pitieni daraja la Nyerere, msitegemee foleni ya pantoni. Bodaboda hapana.

Akijifungua kawaida, mtakaa angalau saa 24. Akipasuliwa, hesabu siku 3 hivi, kwa hiyo begi la pili liwe limefungwa nyumbani, lisije lote siku ya kwanza. Kabla ya kuruhusiwa hakikisheni mtoto amechomwa BCG (chanjo ya kifua kikuu) na kupewa matone ya polio, amekojoa, na amepata choo cheusi. Akigeuka manjano ndani ya saa 24 za mwanzo, akikataa kunyonya, au akipumua zaidi ya mara 60 kwa dakika, msiondoke, na kama mmeshaondoka rudini. Mahudhurio yanayofuata ni siku ya 7, ya 28 na ya 42.

Karatasi inaanzia wodini: ombeni tangazo la kizazi, ile karatasi ya hospitali ya kuthibitisha kwamba mtoto amezaliwa. Majina ya wazazi yaandikwe herufi kwa herufi kama yalivyo kwenye vitambulisho vya NIDA, hivyo wekeni nakala ndani ya kadi ya kliniki. Lisomeni palepale mezani, kwa sababu kosa linalorekebishwa na nesi kwa dakika moja, kule RITA (ofisi ya vyeti vya kuzaliwa) litataka hati ya kiapo. Cheti kifuatilieni kabla ya siku 90.