Nimeacha lumbesa kwa ajili ya Mungu, sasa mtaji unakata. Huku ni kumtegemea Mungu au ni ujinga wangu?

Fuso la Njombe

Habari za jioni wakuu. Mimi nafanya biashara ya viazi, nachukua Njombe nashusha Dar, mwaka wa tisa huu nipo kwenye hii kazi na sijawahi kuleta mambo yangu humu ila limenifika shingoni nikaona niulize maana nyumbani hatuelewani kabisa.

Kwa wasioijua hii biashara, viazi shambani vinauzwa kwa gunia siyo kwa kilo. Gunia linatakiwa liishie kilo 100 lakini tunachofanya ni lumbesa, yaani likishajaa unaliwekea kilemba juu kwa kipande cha gunia lingine au wavu, unashindilia, unashona na kamba, linafika 130 mpaka 140 na mkulima analipwa la gunia moja. Zile kilo za juu ndio faida yetu, nisiwadanganye, ndio zinalipa fuso, zinalipa ushuru, makuli na dalali. Kila mtu anajua sheria inakataza na Wakala wa Vipimo hawachoki kulisema ila sokoni ndo hivyo.

Sasa mwezi wa kwanza nipo kanisani, mchungaji anafundisha Mithali 3, ile "mtumaini BWANA kwa moyo wako wote, wala usizitegemee akili zako mwenyewe". Hata biashara hakuigusia. Mi nikawa nafunua funua tu kurasa huku simu inaingia meseji za dalali, nikaangukia Mithali 11:1, "mizani ya hadaa ni chukizo kwa BWANA". Aisee. Nikafunga Biblia. Nikafungua tena, ipo palepale.

Nikaamua. Nimepiga safari nne tangu siku ile nafunga kilo 100 kavu, mkulima nampa bei ileile. Matokeo: safari mbili hasara, moja imerudisha hela yangu, moja imetoa faida ya kununua suruali. Nikishusha sokoni dalali anapita analipiga gunia langu teke anasema "mzee hili linaumwa nini, mbona limekonda", wateja wote wanahamia kwa jirani mwenye manene hata kama anauza juu kidogo. Wife ananiuliza hivi Mungu ndio kakutuma tufilisike? Marejesho ya kikundi yananisubiri na safari hii sijui nayatoa wapi.

Swali langu. Hivi nilichofanya ni kumtegemea Mungu, au ni uzembe wangu wa hesabu halafu namsingizia Mungu? Na kama ni kumtegemea mbona hajibu? Akili si katupa yeye jamani. Nawasilisha.

Kisiki Kikavu

Mkuu Mungu hana meza sokoni. Rudi kwenye lumbesa, simama kwanza, mtaji ukirudi toa sadaka nene yaishe. Kwani wenye maduka makubwa wote unaowaona wanapiga makofi kanisani walianzaje?

Mhasibu Mstaafu

Kisiki, hoja yako ni ya mfalme Sauli kabisa. Aliambiwa asibakize kitu cha Waamaleki, yeye akaacha ng'ombe na kondoo walionona, nabii Samweli kufika anasikia kondoo mee mee, anauliza hizi kelele za nini, jamaa anajibu tumebakiza vile vizuri tumtolee BWANA sadaka. Sadaka nene hiyohiyo. Akajibiwa "kutii ni bora kuliko dhabihu" na ufalme ukamponyoka kwa style hiyo.

Fuso, wewe nataka nikupe mtu ambaye hahubiriwi sana, mfalme Asa wa Yuda, yupo 2 Mambo ya Nyakati sura ya 14 mpaka 16, soma zote tatu kwa mpigo usichukue mstari mmoja mmoja. Mwanzoni huyu alivamiwa na Zera Mkushi mwenye jeshi elfu elfu, yaani milioni moja, na magari 300. Asa ana watu 580,000 ukijumlisha Yuda na Benyamini, yaani hesabu inamkataa. Akamlilia Mungu akashinda. Vizuri, hiyo ndio sehemu wahubiri wanaipenda.

Sasa ruka miaka mingi mbele. Mwaka wa 36 wa ufalme wake, Baasha mfalme wa Israeli anakuja kujenga Rama ili afunge njia, mtu asitoke wala asiingie Yuda. Tatizo dogo kuliko la Zera. Lakini Asa keshazoea kiti, keshakuwa na uzoefu kama wako wa miaka tisa, hakuomba. Akachukua fedha na dhahabu hekaluni na ikulu akampelekea Ben-hadadi wa Shamu huko Dameski, amgeuke Baasha ampige kwa nyuma. Na hapa ndio nataka utulie mkuu: DILI LILIKUBALI. Ben-hadadi akapiga miji ya Israeli, Baasha akaacha ujenzi, Asa akaenda kukusanya mawe na miti iliyoachwa pale Rama akajengea Geba na Mispa. Yaani ameshinda na matofali ya bure juu. Ukimpa mhasibu kama mimi hicho kitabu nasaini, mwaka umefungwa na faida.

Halafu anakuja Hanani mwonaji anamwambia umetenda upumbavu, umemtegemea mfalme wa Shamu hukumtegemea BWANA. Hakusema mbinu yako imefeli. Haikufeli!

Sisi tunahubiriana kwamba ukijitegemea utaanguka, ukimtegemea Mungu utapata, kwa hiyo mtu akitii safari nne asipoona faida anadhani Mungu kamkimbia, na mwenye lumbesa akinunua fuso la pili anadhani kabarikiwa. Kwa Asa faida ilikuja na bado alikuwa amekosea. Sasa ukipima utii kwa faida ya safari utapimaje hicho?

Na angalia alichofanya baadaye. Alimkasirikia Hanani akamtia gerezani na akaanza kuwaonea watu wengine. Mtu aliyezoea kujiokoa mwenyewe hataki kuambiwa. Mwaka wa 39 akaugua miguu, ugonjwa ukazidi sana, na hata hapo hakumtafuta BWANA akatafuta waganga tu, mwaka wa 41 akafa. Mimi hiyo ndio inaniogopesha kuliko kufilisika.

Kisiki Kikavu

Kwa hiyo mzee tusiende hospitali? Nina presha mimi.

Mhasibu Mstaafu

Nenda hospitali na dawa umeze, usinitie kwenye kesi. Neno linasema hata katika kuugua kwake hakumtafuta BWANA *bali* waganga, shida ipo kwenye hiyo "bali". Mtu unaweza kumeza kidonge na kuomba siku hiyohiyo, havigombani.

mpemba wa Ilala

Assalaam alaykum kwa wahusika, na wengine habari zenu. Mimi Muislamu nimepita tu nikaona lumbesa nikashindwa kunyamaza, nauza vitunguu na hili jambo naliishi.

Kwetu kuna sura nzima ndani ya Qur'ani inaitwa kwa jina la hao watu, Al-Mutaffifin, sura ya 83, inaanza "Ole wao hao wapunjao", wale ambao wakijipimia kwa watu wanataka kitimie na wakiwapimia watu wanapunguza. Nilikuwa naisoma toka madrasa na bado nafunga kilemba, ulimi unajua mkono haujui. Na Nabii Shuaybu alitumwa kwa watu wa Madyan, ukiacha suala la kumuabudu Mungu mmoja kubwa alilowaambia lilikuwa hilohilo la vipimo. Wakamcheka, wakamwambia hivi sala zako ndio zinakuamrisha tusifanye tutakavyo kwenye mali zetu? Yaani kama wife wako ndugu yangu (nisamehe shemeji kama unasoma).

Ila swali lako la akili nalo lina haki yake. Yupo mtu alimuuliza Mtume (SAW) nimfunge ngamia wangu kisha nitawakali, yaani nimtegemee Mungu, au nimuache nitawakali, akaambiwa mfunge na utawakali. Sasa wewe mkuu naona lumbesa umeiacha lakini ngamia hujamfunga. Umebadilisha gunia ukabaki na soko lilelile, dalali yuleyule, mteja aliyezoea kununua kwa macho. Gunia la kilo 100 kwenye soko la kununua kwa macho litakonda tu hata usali usiku kucha. Mimi nilipoacha nilinunua mizani, nikaipeleka ikakaguliwa ikapigwa muhuri, nikaacha kuuza kwa gunia nikawa nauza kwa kilo, nikawafuata wenye mahoteli na mama lishe wakubwa wanaopika mashule, hao wanataka kujua kilo moja inatoa sahani ngapi hawana habari na kilemba. Miezi sita ya mwanzo sitaki hata kuikumbuka, niliuza friji. Wapo wateja hawajarudi mpaka leo na sidhani kama watarudi. Sikuahidi utajiri mimi. Nakwambia mfunge ngamia basi.

Fuso la Njombe

Mpemba hapo umenigusa, kweli sikuwahi kufikiria kutafuta wateja wa kilo, nilikaa nasubiri Mungu awabadilishe hawahawa. Mhasibu na wewe Asa nimemsoma jana usiku mpaka saa saba, ila kuna kitu bado kinanikaba. Sawa faida siyo kipimo, lakini jamani hata kuomba tu kwamba Mungu anifidie ni kosa? Nimeacha hela nyingi mezani kwa ajili yake. Anaona.

binti wa Makete

Kaka Fuso shikamoo, nimesoma uzi wote kimya kimya ila hapo kwenye "anifidie" nimeshindwa.

Mimi nimesomeshwa kwa viazi. Baba alikuwa analima viazi na mimi ndio nilikuwa nashika gunia mdomo wakati vijana wa tajiri wanashindilia, nilikuwa darasa la tano la sita hivi. Unajua kilemba kinakula ndoo ngapi? Unajua, umefunga miaka tisa. Baba alikuwa anahesabu gunia 40 shambani halafu tajiri akimaliza kufunga zinatoka 29, 30. Baba hasemi kitu maana akisema gari linaenda kwa jirani na viazi vikianza kuota ndio basi tena. Jioni anatusalisha, anamshukuru Mungu mnunuzi amekuja. Anamshukuru kweli, siyo kwa kejeli. Mama ndio alikuwa haitikii amina.

Sasa wewe unasema umeacha hela yako mezani. Hela ipi kaka? Zile kilo 40 zilikuwa za nani? Mtu akikuibia mbuzi kila mwaka, mwaka huu akaacha, halafu akaenda kwa mwenyekiti kudai fidia ya mbuzi ambaye hajaiba, si mtamcheka?

Sikulaumu, naona unaumia na wengine hawajafika hata hapo. Ila kutii kwako usikufanye kama umemkopesha Mungu. Kina Shadraka walipoambiwa na mfalme watatupwa kwenye moto wasipoisujudia sanamu yake walisema Mungu wetu aweza kutuokoa, kisha wakaongeza "bali kama si hivyo" hatutaisujudia sanamu yako. Hicho kipande cha bali kama si hivyo ndio sikioni kwenye maelezo yako. Wewe una "aweza kutuokoa" halafu unaangalia saa.

Halafu umeuliza mbona hajibu. Kwetu alikuwa anaombwa kila msimu aje mnunuzi asiyefunga kilemba. Hakuja. Baba alifariki 2019 bado anafunga lumbesa za watu. Mimi sijui kama wewe ndio ulikuwa unaombewa na mtu mwingine huko Njombe, sitaki kukuvika cheo. Nasema tu upande wa pili wa gunia nako kuna watu wanaomba.

Kisiki Kikavu

Dah. Mi nilikuja kutania. Pole dada.

Mhasibu Mstaafu

Dada nimekuvulia kofia. Fuso hilo la marejesho lisikurudishe nyuma, nenda kwa wenzako wa kikundi KABLA ya siku ya kikao, waambie ukweli, omba wakusogezee. Watu wengi wanaona kuomba kusogezewa deni ni aibu kuliko kupunja, sijui tulifundishwa na nani.

mpemba wa Ilala

Na ukishusha safari hii pitia kwangu Ilala nikupeleke kwa hotel mbili tatu, hawatachukua fuso zima lakini ni pa kuanzia.

Fuso la Njombe

Nimekaa kimya siku mbili siyo kwamba nimesusa. Binti wa Makete ulichoandika nilimsomea wife. Hakujibu kitu, akaenda jikoni, baadaye akaja kuniuliza "gunia 40 zikawa 29?" nikamwambia ndio, kwa kilemba inatoka hivyo. Hatujamaliza maongezi bado ila la kufilisika hajalirudia.

Kikundi nimewaambia, wamenisogezea wiki tatu kwa faini, mmoja kanicheka mbele ya watu. Mpemba nitakutafuta, mzigo wangu wa kwanza kwa hao wa hoteli nataka uwe gunia kumi tu nijaribu kwanza.

Ijumaa napakia. Nimempigia mzee mmoja wa kule ambaye nimechukua kwake karibu miaka yote hii tisa, nikamwambia safari hii na zinazokuja ni gunia la kawaida, mizani nakuja nayo mwenyewe. Akauliza "na bei?" Nikasema ileile. Akauliza tena "ileile ya gunia la kilemba?" Nikasema ndio mzee, ileile. Akakaa kimya mpaka nikadhani simu imekata.