Mtoto akilala tumbo ndo linapanda na kushuka, kwani anahemea tumboni?

babaK_mpya: Wakuu kwema? Nina kichanga cha miezi minne, wa kwanza huyu. Jana umeme umekatika nikawa nammulika na tochi ya simu, naona tumbo ndo linapanda linashuka, kifua kimetulia tuli. Bibi yake anasema watoto wote wako hivo, jirani kanitisha eti nimonia. Mi nikivuta pumzi mbona kifua ndo kinajaa??

zamu_ya_usiku: Bibi yuko sahihi mkuu. Pafu halina msuli wa kuvuta hewa, linafuata tu. Chini yake kuna msuli mpana umekaa kama bakuli lililofunikwa, ndo unatenga kifua na tumbo, shuleni tuliuita kiwambo. Kiwambo kikikaza kinashuka, kifua kinapata nafasi, hewa inaingia yenyewe kama vile unavyovuta kile kimti cha bomba la sindano. Sasa kikishuka matumbo yanabanwa na hayana pa kwenda zaidi ya mbele, ndo unaona kitumbo kinatuna, ila hakuna hewa iliyoingia humo. Mtu mzima ana msaada wa misuli ya kati ya mbavu, inazinyanyua juu na nje. Za kichanga bado zimelala kama ngazi iliyowekwa chini, hata zikivutwa kifua hakipanuki sana, kazi karibu yote inabaki kwa kiwambo.

babaK_mpya: Dah asante. Na kutoa je, nako kuna msuli?

zamu_ya_usiku: Ukiwa umetulia hakuna, kiwambo kinalegea tu na mapafu yananywea yenyewe. Ila puliza jiko la mkaa huku umeshika tumbo, utausikia unavyokaza.

mkaanga_chipsi: kwaiyo kwikwi ni nini maana mi ikinishika naweza maliza saa nzima

zamu_ya_usiku: Kiwambo hichohicho kinashtuka bila kuambiwa, koo linajifunga ghafla, ndo ile "hik".

Mama_Wawili: Baba K usiondoke na furaha tu. Wangu wa pili alipougua nilidhani ni mafua, kumbe kila akivuta pumzi pale chini ya mbavu panabonyea ndani na pua zinatanuka. Hiyo sasa ni misuli inapigana, usisubiri asubuhi, beba mtoto nenda hospitali. Na uhesabu pumzi akiwa ametulia, dakika nzima sio nusu mara mbili. Miezi miwili mpaka kumi na miwili ikifika 50 au zaidi ni haraka mno, kuanzia mwaka mmoja mpaka mitano ni 40.

babaK_mpya: Nimehesabu, 36, na hapabonyei popote. Mara ya kwanza alijamba nikacheka nikapoteza hesabu, ikabidi nianze upya 😂