Nimepata mgao wa mirathi milioni 26, nataka unifae miaka 20 ijayo. Nianzie wapi?

Nesi wa Moro:

Habari za jioni wakuu. Naomba ushauri wa watu wazima, maana nyumbani kila mtu ana jibu lake.

Nina miaka 36, ni muuguzi wa serikali, hospitali ya wilaya huku mkoani Morogoro. Watoto wawili, mkubwa wa kike ana miaka 9, mdogo ana 4. Bado napanga nyumba. Baba alifariki mwaka juzi, mirathi imekamilika, nyumba imeuzwa na mgao wangu ni shilingi milioni 26. Ziko benki kwenye akaunti ya kawaida. Sijawahi kushika hela ya namna hii, na kwa mshahara wangu sioni nitaishika lini tena.

Kaka yangu anataka tuunganishe tununue Coaster ya kupiga Moro–Ifakara, anasema hesabu, ile hela ambayo dereva humpa mwenye gari, inaingia kila siku. Rafiki yangu kazini ananiambia nichukue viwanja vitatu Dodoma kwa kulipa kidogo kidogo, halafu nivisahau. Dada mmoja wa wodini anaweka hela UTT, ile mifuko ya uwekezaji wa pamoja, kila mwezi ananionyesha salio linavyopanda. Na kuna kundi la WhatsApp nimeingizwa, wanaahidi asilimia 30 kwa mwezi, ila hilo roho yangu haitaki kabisa.

Ninachotaka ni ada ya watoto, hasa chuo, na nisije nikastaafu nikawa mzigo kwao. Mfuko wa pensheni, PSSSF, nakatwa. Mama yupo Kilosa, ana miaka 68, ana presha, na ananitegemea mimi. Naombeni mwongozo.

Suka wa Msamvu:

Dada yangu, pole kwa msiba. Mimi nimekaa kwenye magari maisha yangu yote, nikianza ukonda mpaka kumiliki Hiace mbili, kwa hiyo kwenye Coaster tu ndipo nitakapokushauri.

Hesabu inaingia kila siku, kaka yako hajadanganya. Lakini ile hesabu siyo faida. Ndani yake kuna matairi ya miezi ijayo, kuna bima, kibali cha LATRA, faini za barabarani, gearbox. Mwenye gari anayekula hesabu yote anakula gari lenyewe, na siku injini ikigoma anakuta hana kitu. Usafirishaji ni kazi kama kazi nyingine, unalipa ukiamka nao alfajiri na kumjua dereva wako. Wewe uko zamu ya usiku wodini, nani atakuwa stendi? Kama kaka yako anaijua kazi hii aifanye kwa mtaji wake. Hela yako ya uzeeni usiiweke kwenye kitu ambacho kila mwaka thamani yake inashuka.

Kibaha Kwetu:

Ardhi, dada. Tena haraka. Hayo makaratasi ya UTT ni shilingi, na shilingi tumeiona. Mwanzoni mwa 2015 dola moja ilikuwa chini ya 1,800, mwaka 2024 ilivuka 2,600. Aliyenunua kiwanja mwaka 2015 anacheka leo. Weka zote kwenye ardhi.

Mzee wa Pongwe:

Binti yangu, Mungu amrehemu mzee. Nilikuwa mhasibu wa chama cha ushirika hapa Tanga mpaka nilipostaafu, sasa nalima machungwa Muheza. Nitaandika kirefu kidogo, univumilie.

Walionitangulia wamekuambia kipi kinazaa na kipi hakizai. Mimi nataka nikuambie kinachoua. Kwa miaka yote niliyokaa na vitabu vya hesabu za watu, sikuona mtu wa kipato kama chetu aliyeangushwa na akiba ya muda mrefu kwa sababu riba ilikuwa ndogo. Niliowaona wameanguka ni wale waliolazimika kuuza katikati ya safari.

Jirani yangu hapa Pongwe alikuwa na kiwanja kizuri karibu na barabara, kimepimwa, hati mkononi. Watu walishafika bei ya milioni nane akakataa, na alikuwa na haki ya kukataa. Mkewe akaugua ghafla, akalazwa, ikahitajika operesheni, na ndani hamna hata laki tatu. Nilikuwepo ofisi ya serikali ya mtaa siku ya mauziano. Mnunuzi alikuja na bahasha ya milioni nne na nusu, akaiweka mezani, akanyamaza. Hakubishana bei, kwa sababu alishajua mwenzake amebanwa. Jirani akasaini, mwenyekiti akagonga muhuri, kabla ya magharibi hela ilikuwa hospitali. Kiwanja hakikuwa na kasoro yoyote. Kilichokosekana ni milioni moja au mbili za kukilinda.

Kwa hiyo kabla ya yote tenga milioni 5. Hizo ndizo zitakazozilinda milioni 21 zilizobaki. Usizifungie kwenye kitu kigumu kutoka. Mfuko wa Ukwasi wa UTT unatosha: ukiuza vipande, yaani sehemu yako ya mfuko, hela inaingia benki ndani ya siku chache za kazi, na hawakukati ada ya kutoka. Bakiza laki kadhaa kwenye akaunti kwa ajili ya usiku wa dharura. Halafu kesho asubuhi, kabla hujawaza uwekezaji wowote, nenda kwa afisa utumishi umuulize kama mama yuko kwenye orodha ya wategemezi wako wa bima ya afya, NHIF. Mtumishi ana nafasi ya mwenza na wategemezi wengine wanne, na mzazi anaruhusiwa. Mama mwenye presha asiye na bima atazila hizo milioni 5 kabla mwaka haujaisha.

Sasa hatifungani, yaani unaikopesha serikali nayo inakulipa riba mpaka muda uishe, halafu inakurudishia mtaji. Wengi wanauliza ipi ina riba kubwa. Wewe jiulize hela itahitajika mwaka gani. Binti yako ana miaka 9, akienda vizuri ataingia chuo akiwa na 19. Hatifungani ya miaka 10 inakomaa wakati huohuo, mtaji wote unarudi mkononi hujaomba mtu. Weka milioni 8 hapo. Wewe utastaafu kwa lazima ukiwa na 60, ni miaka 24 kutoka leo. Ya miaka 25 inakukuta umeshapumzika. Weka milioni 6.

Ila elewa kitu kimoja ambacho kwenye dirisha la benki huwa wanakipitia haraka. Hatifungani ya serikali unaweza kuiuza kabla haijakomaa kupitia Soko la Hisa la Dar es Salaam, ni kweli, lakini hawatakupa lazima ulichoweka. Ya miaka 25 ilipoanza mwaka 2021 riba yake ilikuwa asilimia 15.95. Aprili 2022 zile mpya zikashushwa hadi 12.56. Chukulia umeshika ya 12.56, halafu sokoni watu wanaweza kupata 15. Nani atainunua yako kwa bei kamili? Atakupa kama shilingi 84 kwa kila 100, ili na yeye apate 15 yake. Ukiishika mpaka mwisho hupotezi chochote, unalipwa 100 yako kamili. Ukibanwa ukauza, hiyo 16 imekwenda. Umeona tumerudi palepale kwa jirani yangu na bahasha.

Na riba. Inalipwa mara mbili kwa mwaka, inaingia akaunti yako, na kwa hatifungani hizi ndefu haikatwi kodi. Milioni 6 kwa 12.56 ni 376,800 kila miezi sita. Hapa ndipo ninapowaona wastaafu wenzangu wanateleza, maana hatifungani hairudishi riba ndani yenyewe. Inaiweka akaunti moja na mshahara, na baada ya wiki mbili huijui imekwenda wapi. Ukila riba yote miaka 24, mwisho una milioni 6 zilezile. Bei za vitu zikipanda asilimia 4 kwa mwaka, hizo zitakuwa na nguvu ya milioni mbili na laki tatu za leo. Ukiirudisha kazini kila inapoingia, na ukaendelea kupata asilimia 12, zitakuwa kama milioni 91, zenye nguvu ya milioni 35 za leo. Riba haitakaa 12 miaka yote, itapanda na kushuka, lakini tofauti ya 2 na 35 haiji kwa ujanja wa kuchagua soko. Inakuja kwa kurudisha riba.

Njia rahisi: fungua akaunti ya pembeni isiyo na kadi ya ATM, riba zote zishukie huko, zipeleke Ukwasi, zikifika milioni moja nunua hatifungani nyingine. Kiwango cha chini ni hiyo milioni moja. Kwa milioni 14 zako, riba ya mwaka mmoja inatosha kununua moja mpya na chenji inabaki.

Ndugu yangu wa Kibaha, hoja yako ya shilingi ni ya kweli na siipuuzi. Hatifungani haikulindi shilingi ikianguka sana. Ndiyo maana milioni 7 zilizobaki ziende kwenye ardhi, lakini kiwanja kimoja, pale atakapoishi, maana binti bado anapanga nyumba. Kiwe kimepimwa, atafute taarifa ofisi ya ardhi kabla ya kutoa hata shilingi, avione vigingi kwa macho yake na awasalimie majirani wa pande zote nne. Vitatu vya mkopo Dodoma ni deni la kila mwezi juu ya kitu asichokiona, na mwezi akishindwa ndipo atajua mkataba ulisema nini.

Lile kundi la WhatsApp toka leo. Watu wazima mnaikumbuka DECI ya 2009, ule upatu uliopoteza hela za watu, sina haja ya kusimulia.

Wairimu wa Nakuru:

Nasalimu kutoka Kenya. Hayo ya mzee kuhusu kuuza katikati sisi tuliyaona mwaka 2008, hisa za Safaricom zilipouzwa kwa umma kwa shilingi 5. Watu walichukua mikopo benki na kwenye sacco wakanunua, wakitarajia kuuza baada ya wiki. Mwaka uliofuata bei ilikuwa chini ya shilingi 3, na mkopo haungoji bei ipande. Wengi wakauza kwa hasara ili walipe deni. Mamangu alinunua kwa pesa za majani chai, hakuwa na deni la mtu, akaziacha. Mwaka 2021 bei ilipita shilingi 40. Hakuuza, na 2023 ikarudi chini ya 15, lakini gawio amekuwa akilipwa na yeye ndilo alilolitaka. Kampuni ni ileile na bei ya kununulia ni ileile, dadangu. Waliouzia hasara walikuwa na mkopo, mamangu hakuwa nao.

Nesi wa Moro:

Shikamoo mzee. Nimesoma mara mbili, nimemsomea na mama kwenye simu. Asanteni nyote, na dada wa Nakuru pia.

Afisa utumishi nimeshaonana naye, mama hakuwepo kwenye orodha, nimejaza fomu. Nina maswali mawili. Kununua hatifungani nafanyaje mimi niliyeko wilayani? Na kaka nimwambie nini? Ameshaanza kuangalia magari, na ndiye aliyenisomesha baada ya baba kuacha kazi.

Mzee wa Pongwe:

Marahaba binti yangu.

Benki yako, kama ni mshiriki wa mfumo wa Benki Kuu wa kuhifadhi hati, itakufungulia akaunti ya CDS. Kama siyo mshiriki, dalali wa soko la hisa atakufungulia. Utahitaji kitambulisho cha NIDA, picha na akaunti ya benki. Minada ya hatifungani hufanyika Jumatano, ratiba Benki Kuu wanaitangaza, hivyo peleka fomu siku kadhaa kabla. Wewe jaza sehemu ya wasioshindana bei, ni kuanzia milioni 1 hadi 50, utapewa kwa bei ya wastani ya mnada. Acha hela ya ziada kwenye akaunti. Ukiandika milioni 8 na bei ikatoka 104 kwa kila 100, utakatwa milioni 8 na laki 320. Mrithi mwandike siku hiyohiyo. Umetoka kwenye mirathi juzi, unajua usumbufu wake.

Kuhusu kaka, usimfiche kiasi ulichopata wala usimwambie utafikiria. Mwite, mwambie hela ya watoto na ya uzee umeshaipangia miaka yake. Kisha, kwa kuwa alikusomesha, toa kwenye mshahara wako kiasi unachoweza, hata kama ni kwa miezi sita, umpe kama ahsante. Usikiite mkopo. Mkopo wa ndugu utakufanya uhesabu siku kila ukimwona, na huyo ni kaka yako.